Kiingereza cha ripoti: "will train" au "will have trained"? Bosi na mhariri wamegongana

#1 Karani wa Miradi
Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuandika ripoti na maandiko ya miradi kwa Kiingereza. Wiki hii sentensi moja imezua mgogoro ofisini: "By June 2026, the project will train 400 farmers." Bosi akaikata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake "will have trained". Rasimu ikaenda kwa mhariri wa nje, naye akarudisha "will train" na kuipeleka tarehe mwishoni: "The project will train 400 farmers by June 2026." Bosi alipoiona akarudisha ya kwake. Sasa hati ina rangi tatu na mfadhili anaitaka Ijumaa.

Shuleni huu wakati waliuita "future perfect", tukapewa fomula tu: "will + have + V3" (V3 ni umbo la tatu la kitenzi). Uitumie lini na uiache lini, hatukufika huko. Maswali yangu ni mawili. Je, "by" ikishakuwepo, "will have" ni lazima? Na kwa nini watu wazima na digrii zao bado wanaandika "By the time I will arrive, he will have left"? Hii naiona kwenye barua pepe kila siku.

#2 Kinyozi wa Sinza
Nimekaa siti ya mbele. Waje wenye lugha yao.

#3 Mwl Kipanga
Bosi wako yuko sahihi, wala hakuna mjadala. Ukiona "by" na muda ujao, weka "will have". Ndivyo tunavyofundisha na ndivyo tunavyosahihisha. "By next year she will have completed her studies." Mwanafunzi akiandika "will complete" amekosa alama.

Na kabla ya kufika mbali, wengi hata hiyo fomula inawashinda. Wanaandika "he will has finished" kwa kuwa wamekariri kwamba "he" huenda na "has". Baada ya "will" kitenzi hakiguswi: I, you, he, they, wote "will have". Kisha V3 iwe V3 kweli: "will have gone", si "will have went". "Will have written", si "will have wrote".

#4 Mhariri wa Usiku
Mwalimu, kwenye fomula niko nawe. Kwenye "by" hapana.

"I will send you the report by Friday" ni Kiingereza safi na hakuna mhariri atakayeigusa. "By" kazi yake ni kuweka ukomo: isivuke Ijumaa. Kitenzi ndicho kinachosema mwandishi amesimama wapi. Ukiandika "will send", umesimama leo unaahidi tendo. Ukiandika "will have sent", umeshajipeleka mpaka Ijumaa, unageuka na kutazama kilichokwisha fanyika.

Sasa tuje kwenye hati ya mleta mada. Tarehe ikitangulia, "By June 2026, ...", msomaji ameshapelekwa Juni kabla hajakutana na kitenzi, kwa hiyo "will have trained" inakaa vizuri zaidi sikioni. Tarehe ikiwa mwishoni, "will train ... by June 2026" inatosha. Huyo mhariri hakuhamisha tarehe kwa bahati mbaya, alijua anachofanya. Kwa hiyo bosi na mhariri wote wako sahihi, kila mmoja kwa sentensi yake.

Ila kama sentensi iko kwenye safu ya matokeo, mimi ningeigeuza: "By June 2026, 400 farmers will have been trained." Hapo wanaohesabiwa ni wakulima, si mradi.

#5 Mwl Kipanga
Mhariri, wewe unazungumzia ofisi, mimi nazungumzia mtihani. Swali likija "By the time the teacher comes, we ______ the work", lenye kitenzi "finish" pembeni, mtoto akijaza "will finish" kwa kuwa amesoma #4, nani atamtetea?

#6 Mhariri wa Usiku
Kwa swali hilo namkosesha hata mimi, mwalimu. Kazi inatakiwa iwe imekwisha mwalimu anapoingia, na "will finish" haisemi hivyo. Lakini aliyemkosesha hapo ni maana ya sentensi nzima. Mwambie "Please finish by noon" uone kama "by" inadai "will have".

#7 Bint Shangani
Mimi naona mnapigana kwenye mlango usio wenyewe. Wakati huu sisi tunao na tunautumia kutwa bila kujifikiria: "Kufikia Juni tutakuwa tumewafundisha wakulima 400." "Ukija saa mbili nitakuwa nimeshapika." Hakuna Mswahili anayekosea hapo. -takuwa mbele, -me- nyuma, ndiyo hiyo "will have" na V3.

Kosa liko upande wa pili wa sentensi. Sisi tunasema "nitakapofika". Hiyo -ta- imo ndani, ya wakati ujao kabisa. Mtu anaihamisha ilivyo: "when I will arrive", "by the time I will arrive". Kiingereza hapo kinavua "will". Baada ya when, before, after, until, as soon as, by the time, kinaweka wakati uliopo: "By the time I arrive, he will have left." Na ukitaka kuonyesha kwamba jambo limekamilika, unaweka "have" peke yake: "I will call you when I have finished", si "when I will have finished".

Kwa hiyo jibu la swali la pili la mleta mada ni -takapo-.

#8 Karani wa Miradi
Dada Bint Shangani, ahsante sana. Hii sikuwahi kuisikia popote.

#9 Mkenya wa Thika
Hamjambo huko. Hiyo ya #7 ni tamu lakini ina tundu. Sisi huku Kenya hatusemi sana "nitakapofika". Twasema "nikifika atakuwa ameenda". Hakuna -ta- hapo. Na bado ofisi za Nairobi zimejaa "when I will arrive". Kama chanzo ni -takapo-, sisi tunaitoa wapi?

Mimi nafikiri ni mantiki tu. Mtu ameambiwa jambo lijalo ni "will". Kufika ni kujao, kuondoka ni kujao, basi anaweka "will" mara mbili. Mtu wa lugha yoyote angefanya vivyo hivyo.

#10 Ngoma ya Kivu
Jambo wandugu, niko Bukavu. Sisi tulisoma kwa Kifaransa, na Kifaransa kinaweka wakati ujao pande zote mbili: "Quand j'arriverai, il sera parti." Hata ile iliyokamilika wanaiweka: "Quand j'aurai fini, je t'appellerai." Kwa mwalimu wa Kifaransa, ukitoa huo wakati ujao ndipo umekosa. Kwa hiyo mtu wa huku anayeanza Kiingereza ana sababu mbili za kuandika "when I will have finished": Kiswahili chake na Kifaransa chake. Kiingereza ndicho kimejitenga hapo.

#11 Mzee wa Ruwi
Shikamooni kwa walionizidi. Niko Muscat miaka mingi. Kiarabu nacho kinajenga kama sisi: "sayakunu qad wasala", yaani "atakuwa amefika". Kitenzi cha kuwa mbele, tendo lililokwisha nyuma. Watoto wetu wanaosoma Kiarabu na Kiswahili hawasumbuliwi na "will have" hata kidogo.

Lakini ofisini nafanya kazi na Wahindi, na wao ndio mabingwa wa "when I will reach". Hawana -takapo- wala hawajawahi kuisikia. Namuunga mkono kijana wa Thika.

#12 Bint Shangani
Mzee wangu, marahaba kwa niliowazidi na shikamoo kwako. Kihindi kinasema "jab main pahunchunga", na hiyo ni wakati ujao kamili, sawa na "nitakapofika". Kwa hiyo ushahidi wako umekuja upande wangu.

#13 Mzee wa Ruwi
Haya, binti, umenishika. Kesho nawauliza wenyewe.

#14 Wakala wa Kurasini
Mimi niongeze kitu ambacho kiligharimu hela. Ofisini kwetu tunatoa mizigo bandarini. Kuna kijana alipokea barua pepe kutoka kwa mteja wa Uingereza: "You will have received our invoice of 3 March." Akaisoma kama habari ya mbeleni, kwamba ankara itakuja. Akaegesha faili pembeni akiisubiri. Mteja naye anasubiri jibu la ankara aliyokwisha ituma. Tozo ya kuhifadhi kontena haisubiri mtu, inapanda kila siku. Walipokuja kupigiana simu ndipo ikajulikana kuwa ankara imekaa kwenye kikasha cha barua taka tangu tarehe ile ile.

Sasa mnifafanulie: "will" ya mbeleni inafanya nini kwenye jambo la nyuma?

#15 Bint Shangani
Kaka, hiyo nayo tunayo. Unabisha hodi kwa jirani, kimya, taa zimezimwa. Unasema nini? "Atakuwa amelala." Hujasema habari za kesho, unakisia ya sasa hivi. "Gari litakuwa limeshafika Chalinze." Ni ile ile -takuwa -me-. Waingereza kwenye barua rasmi wanaitumia kama adabu: "bila shaka mtakuwa mmeipata ankara yetu". Kijana wako angeigeuza neno kwa neno kwa Kiswahili angeielewa papo hapo.

#16 Msomi wa Mlimani
Hapo #14 na #15 mmegusa jambo ambalo wanaisimu wanalivutana. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, kwenye sarufi yao kubwa iliyotolewa Cambridge mwaka 2002, wanashikilia kwamba Kiingereza hakina wakati ujao kabisa. Kina wakati uliopita na uliopo, basi. "Will" wanaiweka kundi moja na may, must na can. Pangeni hizi:

"He may have left."
"He must have left."
"He will have left."

Muundo ni mmoja, kinachobadilika ni kiwango cha uhakika. Na muda unaletwa na maneno ya pembeni. "He will have left by now" ni sasa. "He will have left by tomorrow" ni kesho. Kitenzi hakijabadilika hata herufi. Kwa mtazamo huo, unachokiita future perfect si wakati, ni "will" iliyokutana na "have".

#17 Mwl Kipanga
Msomi, nikaingie darasani niwaambie watoto hamsini kwamba Kiingereza hakina wakati ujao? Wazazi watakuja na mkuu wa shule mbele. Orodha ya nyakati tumeirithi kwa Waingereza wenyewe. Lindley Murray, Mwingereza, kwenye sarufi yake ya 1795 aliuorodhesha huu akauita "second future". Zaidi ya miaka 200 umefundishwa hivyo na watu wameandika vizuri.

#18 Msomi wa Mlimani
Mwaka na jina la wakati umepatia, mwalimu. Ila Murray alizaliwa Pennsylvania, akahamia Uingereza akiwa mtu mzima na kuishi karibu na York. Na hizo nyakati alizipanga kwa kufuata desturi ya sarufi za Kilatini, ambacho kina umbo la neno moja kwa kazi hii. Kiingereza hakina neno moja, kinaunganisha matatu.

Darasani fundisha jina hilo hilo, halina ubaya. Ila waonyeshe na ile ya "by now", wasije wakaegesha mafaili.

#19 Wakili wa Kona
Nimechelewa. Kwa upande wa mikataba, jihadharini na ndugu yake, "shall have". Nimekutana nayo kwenye rasimu: "The Contractor shall have completed the Works by 30 June." Wakili wa upande wa pili anauliza: hapo mkandarasi amepewa wajibu, au imeelezwa tu hali itakavyokuwa siku hiyo? Wajibu uandikwe wazi: "shall complete the Works by 30 June". Na sharti liandikwe kwa wakati uliopo: "If the Contractor has not completed the Works by 30 June, ..." Hakuna haja ya "if the Contractor shall not have completed".

Wanaoipenda hiyo ya pili wameitoa kwenye sheria za zamani. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa 1787, imejaa: "No Person shall be a Representative who shall not have attained to the Age of twenty five Years."

#20 Mama Uinjilisti
Wakili umenikumbusha Biblia ya King James, ya 1611. Luka 17:10: "when ye shall have done all those things which are commanded you". Angalieni, ni "when" na "shall have" pamoja, kile kile Bint Shangani anachokikataza. Na Biblia yetu hapo ina "mtakapokwisha". Inaoana neno kwa neno.

#21 Mkenya wa Thika
Heh! Basi "when I will have finished" ina baba na babu. Bint Shangani, karibu ujitetee.

#22 Mhariri wa Usiku
Acheni nimjibie. Kiingereza cha 1611 kiliruhusu "shall" kwenye kishazi cha "when" na sheria zikaendelea kuitunza. Cha leo kimeiacha. Ukiandika "when I shall have finished" kwenye barua ya kazi, utaeleweka, ila utasomeka kama mtu aliyenakili hati ya karne iliyopita. Na ukiweka "will" badala ya "shall", utasomeka kama mtu aliyekosea tu.

#23 Kinyozi wa Sinza
Na mimi nijaribu: "By the end of the season, Simba will have won the league." Sahihi?

#24 Fundi Bomba
Sarufi sahihi. Kwingine kote si sahihi.

#25 Kinyozi wa Sinza
Mwananchi katoka shimoni. Twende kwenye mada, mzee.

#26 Karani wa Miradi
Jamani msihamishe uzi. Nina jingine: "Until December we will have drilled six boreholes." Hii imo kwenye ripoti ya wenzetu, na inanikwaruza ila siwezi kusema kwa nini.

#27 Bint Shangani
Hiyo ni "mpaka". Kiswahili kinasema "mpaka Desemba tutakuwa tumechimba visima sita", na "mpaka" hiyo hiyo inasema "nitakungoja mpaka Desemba". Kiingereza kimezigawa. Jambo linaloendelea bila kukatika hadi siku hiyo ni "until": "We will be drilling until December." Jambo litakalokuwa limekamilika siku hiyo au kabla yake ni "by": "By December we will have drilled six boreholes." Njia nyepesi: kama kwa Kiswahili unaweza kuweka "kufikia", andika "by".

#28 Fundi Bomba
Sasa na hii ya kwamba baada ya "when" hakuna "will". Mbona "I don't know when he will arrive" naiona mpaka kwenye magazeti ya Uingereza?

#29 Mhariri wa Usiku
Swali zuri, fundi. Hiyo "when" ni ya kuuliza: sijui atafika lini. Hapo "will" inakaa. Inayofukuza "will" ni "when" ya kufunga matendo mawili pamoja: atakapofika, nitakupigia. Jaribu kuweka "lini". Ikikubali, acha "will". Ikikataa, iondoe.

Na kwa kuwa uzi umefika huku, wengine wanachanganya "will have" na "will have to". "We will have finished" ni tutakuwa tumemaliza. "We will have to finish" ni tutalazimika kumaliza. Nimeshakutana na "we will have to finished", ambayo si hii wala ile. Na kwenye kukanusha, "not" iingie katikati: "We will not have finished by Friday."

#30 Karani wa Miradi
Mrejesho, wakuu. Nimekaa na bosi na hoja za #4. Safu ya shughuli nimeandika "The project will train 400 farmers by June 2026." Safu ya matokeo nimeandika "By June 2026, 400 farmers will have been trained." Ya matokeo kaipenda na kaipitisha. Ya shughuli bado anataka "will have", anasema hati nzima iwe na sura moja. Yule mhariri wa nje kasema haweki jina lake hapo. Ijumaa ni kesho kutwa.

#31 Mwl Kipanga
Nilishasema toka #3, bosi yuko sahihi.

#32 Mhariri wa Usiku
Safu ya shughuli inaeleza mradi utafanya nini, Karani. Mwonyeshe bosi shughuli zisizo na tarehe. Ataandika "The project will have bought two motorcycles"? Lini?

#33 Mkenya wa Thika
Mnaendelea vizuri lakini #9 yangu haijajibiwa. Mambo ya Kihindi na Kifaransa nimeyasoma. Mimi nauliza habari ya mtu anayesema "nikifika" maisha yake yote.

#34 Bint Shangani
Kaka wa Thika, huyo anayesema "nikifika" nyumbani, shuleni kafundishwa "nitakapofika", na akikaa kuandika rasmi ndiyo inayomjia. Lete sentensi za ofisini kwenu tuzitazame.

#35 Mkenya wa Thika
Hizi nimezitoa kwenye barua pepe za leo asubuhi, majina nimefuta:

"Once I will get the approval I will revert."
"If he will have signed by then, kindly collect."

Ya kwanza kwa Kiswahili ni "nikishapata idhini". Ya pili ni "kama atakuwa ameshasaini". Nionyeshe -takapo- iko wapi.

#36 Msomi wa Mlimani
Ya pili ina -ta-, ndani ya "atakuwa". Ya kwanza haina. Bint Shangani, hapo kakubana kwa nusu.

#37 Bint Shangani
Ya pili mmenipa wenyewe. Ya kwanza naiwazia, sijaiachia.